Hermann Ebbinghaus: Bwana Aliyepima Usahaulifu

Kurasa hizi zimezoea kutuletea maisha ya wafalme, wapigania uhuru na malenga. Leo hebu tumtembelee msomi mmoja wa Kijerumani ambaye hakutawala nchi wala hakuongoza jeshi. Sifa yake duniani ilitokana na kusahau. Naam, kusahau! Alikaa chini akasahau kwa makusudi, siku baada ya siku, huku akiandika kwa nambari ni kiasi gani kimepotea na kwa muda gani.

Jambo lenyewe sote twalijua. Mwalimu wa Bayolojia anafundisha saa mbili asubuhi, darasa zima linaitikia, kila mtu anatingisha kichwa kwamba ameelewa. Ifikapo prepu ya jioni unafungua daftari, hati ni yako kabisa lakini maneno ni kama ya mtu mwingine. Lo! Yameenda wapi? Binadamu wamejiuliza swali hilo tangu jadi na jadi. Ebbinghaus ndiye aliyelijibu kwanza kwa vipimo, na jibu lake lawahusu sana watahiniwa wa KCSE, hasa wale ambao hungoja hadi wiki ya mwisho ndipo wajifunge kibwebwe.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 katika mji wa Barmen, nchi ya Prussia. Mji huo siku hizi ni sehemu ya jiji la Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Kwa makisio ya wanahistoria, basi, alikuwa takriban rika moja na Nabongo Mumia wa Wanga. Babake, Carl Ebbinghaus, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wake, kwa hivyo karo haikuwa taabu. Kijana alisomea shule ya pale mjini, na alipotimiza miaka 17 akaingia Chuo Kikuu cha Bonn kusomea historia na lugha. Huko akili yake ikahamia falsafa. Mwaka wa 1870 vita vikazuka kati ya Prussia na Ufaransa, naye akaingia jeshini kama vijana wenzake. Vita vilipomalizika alirudi kwa vitabu, na mwaka wa 1873, akiwa na miaka 23 tu, akapata shahada ya udaktari.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sehemu ya maisha yake inayonipendeza mimi. Daktari huyu hakukimbilia kiti cha uprofesa. Alizungukazunguka Uingereza na Ufaransa kwa miaka kadhaa, akisoma kivyake na kufundisha hapa na pale ili apate riziki. Inasimuliwa kwamba katika kuzurura huko alikumbana na kitabu kikuukuu kwa muuza vitabu vilivyotumika. Wengi husema ilikuwa Paris, wengine London. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Gustav Fechner, kilichochapishwa mwaka wa 1860. Fechner alikuwa ameonyesha kwamba hisi za binadamu, kama vile kuhisi uzito wa kitu mkononi, zaweza kupimwa kwa hesabu. Ebbinghaus alipokisoma akawaza: ikiwa hisi zapimika, je, kumbukumbu nayo? Wakubwa wa taaluma wa wakati huo walikuwa wakisema haiwezekani, eti mambo ya ndani kabisa ya akili hayaingii kwenye mizani.

Yeye akaamua kujaribu. Maabara hakuwa nayo, wala wasaidizi, wala fedha za utafiti. Mtu wa kufanyiwa majaribio pia hakuwa naye. Akajitumia yeye mwenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa: ajifunze nini? Akichukua shairi, baadhi ya maneno tayari anayajua, mengine yana mizani tamu inayojishika yenyewe, mengine yanamkumbusha mambo ya utotoni. Hapo huwezi kupima lolote kwa haki. Kwa hiyo akaunda silabi zisizo na maana. Hapa wanachama wa chama chetu watamwelewa upesi kuliko watu wengine. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, konsonanti kisha irabu: ba, ke, mo. Zake zilikuwa silabi funge: konsonanti, irabu, konsonanti tena. Mfano (nimebuni mwenyewe): zup, dek, rif. Alitengeneza kama 2,300 hivi. Alizichanganya zote, akazichomoa kwa bahati nasibu na kuzipanga kwa safu. Kisha akaanza kuzikariri.

Tafadhali usidhani ulikuwa mchezo. Alisoma kila silabi kwa kasi ile ile, akifuata mlio wa chombo cha kugonga mapigo, mapigo 150 kwa dakika. Safu ikishakaririwa alipumzika sekunde 15, akaandika matokeo yake, akaingia safu nyingine. Alijizuia asibuni ujanja wowote wa kukumbuka, kwa mfano kutunga hadithi inayounganisha silabi. Saa za kazi zilikuwa zile zile. Hata mwenendo wake wa maisha alijaribu usibadilikebadilike siku za majaribio. Aliifanya kazi hii mwaka wa 1879 na 1880. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujiamini ovyo, akairudia upya mwaka wa 1883 na 1884. Wanafunzi wa Historia watakumbuka kwamba 1883 ndio mwaka Joseph Thomson alipofika kwa Nabongo Mumia. Basi wakati Mzungu yule anapokewa kule Elureko, Mzungu huyu yuko Berlin, anajisomea zup, dek, rif kama kasuku.

Sasa tuje kwa matokeo, maana hapa ndipo penye uhondo.

Ebbinghaus hakujiuliza tu kama anakumbuka au hakumbuki. Alijua kwamba hata kitu unachodhani kimepotea kabisa huacha alama, kwa sababu ukijifunza mara ya pili hakikuchukui muda mrefu kama mara ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo aliyoipima, nasi tuiite akiba. Tuseme safu zilikuchukua dakika 100 mara ya kwanza, na ukizirudia baadaye zinakuchukua dakika 42. Umeokoa dakika 58. Akiba yako ni 58 kwa mia.

Alijifunza safu nane za silabi 13 kwa mpigo, akaziacha kwa muda maalum, kisha akazijifunza upya. Alifanya majaribio ya aina hiyo 163. Baada ya dakika 20 hivi, akiba ilikuwa 58 kwa mia. Baada ya saa moja, 44. Baada ya saa tisa hivi, 36. Baada ya siku moja, 34. Siku mbili, 28. Siku sita, 25. Na baada ya siku 31, mwezi mzima, bado 21.

Zitazame nambari hizo polepole, bwana. Katika dakika 20 za kwanza zaidi ya thuluthi ya kazi imekwisha kuyeyuka. Kipindi chetu cha darasani ni dakika 40! Saa moja haijapita sana, zaidi ya nusu haipo. Lakini kuanzia hapo mteremko unalegea. Kati ya siku ya sita na ya 31 kinachopotea ni kidogo mno. Watu wengi hufikiri usahaulifu ni kama tangi la maji linalovuja kwa kasi moja: leo kidogo, kesho kidogo. La hasha. Unafanana zaidi na uji moto uliotoka jikoni sasa hivi, unaopoa upesi mwanzoni, kisha ukabaki vuguvugu kwa muda mrefu.

Na ona mwanya kati ya saa tisa na siku moja: kutoka 36 hadi 34. Saa kumi na tano zimepita, usiku mzima ukiwamo, na kilichopotea ni pointi mbili tu. Ebbinghaus mwenyewe aliona hesabu hiyo si ya kawaida akaitilia shaka. Tutairudia baadaye.

Jambo la pili alilogundua lahusu namna ya kupanga marudio. Alichukua safu za silabi 12. Alipozirudia mara 68 mfululizo siku moja, kesho yake alihitaji kuzipitia tena mara saba hivi kabla hajazitamka bila kosa. Lakini alipoyagawa marudio yake katika siku tatu, marudio 38 tu yalifanya kazi isiyopungua ile ya 68. Hebu fikiria. Karibu nusu ya jasho limebaki mfukoni! Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa na chombo cha kugonga mapigo, lakini walikuwa njia hiyo hiyo.

Yapo na mengine madogomadogo. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi alijifunza upesi kuliko kati ya saa kumi na mbili na saa mbili jioni. Silabi saba aliweza kuzishika kwa kusoma mara moja tu. Lakini zikifika 12 zilimdai marudio kama 17, na 36 zilimdai 55. Na alipojaribu beti za Byron, malenga wa Kiingereza, badala ya silabi tupu, kazi ilipungua hadi kama sehemu moja ya kumi. Hili tusilisahau (samahani kwa neno hilo). Nambari za kupotea nilizozitaja ni za vitu visivyo na maana. Somo ulilolielewa haliondoki kwa kasi hiyo. Lakini jedwali la elementi, miaka ya mikataba, ngeli na wingi wake, haya kwa wengi wetu ni zup, dek, rif mpaka yazoeleke.

Kitabu chake kuhusu kumbukumbu kilitoka mwaka wa 1885. Ni kitabu chembamba. Mwaka huo huo, tarehe 26 Februari, ulimalizika ule mkutano wa Berlin ambamo mataifa ya Ulaya yaliwekeana kanuni za kuigawana Afrika. Hatuna budi kuutaja, maana jiji ni lilo hilo. Mwaka huo pia alizaliwa mwanawe, Julius, ambaye alikuja kuwa mwanafalsafa mwenye jina, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Marburg.

Mwaka wa 1886 Ebbinghaus alipandishwa cheo pale Chuo Kikuu cha Berlin, na mwaka wa 1890 akaanzisha jarida la saikolojia pamoja na Arthur König. Lakini mambo hayakumwendea shwari daima. Hakuwa mtu wa kuchapisha vitabu kila mwaka, na katika ulimwengu wa maprofesa asiyeandika sana huonekana hafanyi kazi. Mwaka wa 1894 kiti kikubwa cha Berlin kilipewa Carl Stumpf. Ebbinghaus akafunga virago akaenda Breslau, mji ambao leo uko Poland na waitwa Wrocław.

Huko Breslau akakutana na wanafunzi wa shule, na hapa yafaa tumshukuru au tumlaumu, kila mtu na lake. Wakuu wa mji walitaka kujua kama siku ndefu ya masomo inachosha akili za watoto. Ebbinghaus akabuni mtihani mpya uliotangazwa mwaka wa 1897: kifungu cha habari chenye mapengo, mtoto ajaze maneno yaliyoachwa. Je, wakumbuka vile vifungu vya mapengo katika karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023? Babu wa mapengo hayo ni huyu.

Mwaka wa 1905 alihamia Halle. Alikuwa angali akiandika vitabu vya kufundishia saikolojia, na vilipendwa kwa sababu lugha yake ilikuwa nyepesi, jambo ambalo si kawaida ya wasomi. Alizirudia beti za Byron alizokuwa amezikariri miaka 22 nyuma. Kwa kinywa hakuweza kuzitoa. Lakini alipozijifunza upya zilimchukua muda mfupi kuliko beti ngeni. Miaka 22, na akiba bado ipo! Tarehe 26 Februari 1909 nimonia ilimchukua. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Ebbinghaus hakuacha ratiba ya kudurusu. Alipima tu, akawaachia wengine wapange. Na katika vipimo vyake mna pengo moja kubwa: muda mfupi kabisa aliouchunguza katika jedwali lile ni kama dakika 20. Dakika ya kwanza je? Ya tano je? Mwaka wa 1959 Wamarekani wawili, Lloyd Peterson na Margaret Peterson, waliwapa watu konsonanti tatu tu, kisha wakawahesabisha nambari kwa kurudi nyuma ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18 waliokumbuka sawasawa walikuwa kama kumi kwa mia. Sekunde 18! Hata kengele haijamaliza kulia.

Ndiyo maana waliokuja kutunga ratiba walianza na vipindi vifupi vya ajabu. Mwaka wa 1967 Paul Pimsleur, mwalimu wa lugha, alipendekeza neno jipya lirudiwe baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa moja, saa tano, siku moja, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Kila hatua ni takriban mara tano ya ile iliyotangulia. Mwaka wa 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari, akaeleza njia ya kadi na sanduku lenye vyumba: swali mbele, jibu nyuma, ukipata, kadi yasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa mara chache zaidi, ukikosa, yarudi chumba cha kwanza. Mwaka wa 1987 mwanafunzi wa Kipolandi, Piotr Woźniak, akaiingiza hesabu hiyo katika tarakilishi kwa programu ya SuperMemo, na mwaka wa 2006 Damien Elmes akatoa Anki, ambayo hutumiwa sana na wanafunzi wa udaktari. Ukiiwasha Anki bila kubadilisha chochote, kadi mpya hukurudia baada ya dakika moja, halafu dakika 10, halafu kesho. Ukiendelea kuipata, yakaa siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi.

Wengine hubisha kuhusu zile dakika za mwanzo, wakisema kuona kadi tena baada ya dakika moja si kukumbuka, ni kuitazama tu. Mimi naona wana haki nusu. Dakika moja yakuonyesha kama neno liliingia hata kidogo. Dakika kumi yakaribia pale mteremko ulipo mkali. Lakini anayekomea hapo, akafurahi kwamba kadi zote 40 amezipata jioni ile ile, amefanya sawa na yule wa marudio 68 ya siku moja.

Sisi tulio bwenini simu haturuhusiwi, kwa hivyo programu hizo tuwaachie walio nyumbani. Manila ni karatasi. Ukiikata vipande, ukaandika nomino mbele na wingi wake nyuma, umepata kadi. Mapumziko ya saa nne yako karibu na somo la saa mbili kuliko prepu ilivyo. Saa tisa za Ebbinghaus ndizo zinazotenganisha somo la asubuhi na mwanzo wa prepu, wakati ambapo akiba yake ilikuwa thuluthi na kitu. Kupitia kadi dakika tano wakati wa chai, tena kwa prepu, tena kesho, ni marudio matatu. Kuna wanaonunua tochi ili wafanye marudio hayo yote chini ya blanketi usiku wa kuamkia mtihani.

Na hapa tuirudie ile hesabu ya usiku aliyoitilia shaka. Mwaka wa 2015 watafiti wawili wa Amsterdam, Jaap Murre na Joeri Dros, walichapisha jaribio la kurudia kazi ya Ebbinghaus karibu hatua kwa hatua. Dros alikaa kwa jumla ya saa 70 akikariri silabi zisizo na maana. Mteremko ukatoka vile vile, miaka 130 baadaye, katika kichwa cha mtu mwingine. Na palepale kwenye alama ya saa 24 mstari uliinuka kidogo, mahali pale pale ambapo nambari za Ebbinghaus zilikataa kushuka. Wanaoeleza jambo hilo wanautaja usingizi: kati ya saa ya tisa na ya 24, wote wawili walikuwa wamelala.